Karabai Iliyokataa Ziwa

Hadi leo sijajua kwa nini karabai ya baba, nilipokuwa mtoto, iliwaka vizuri uani kwetu lakini ikifika ziwani ilizimika. Nimewauliza mafundi wawili watatu. Mmoja, kule Mamboleo, alisema ni upepo. Mwingine alisema ni unyevu, kisha akaniuliza kama bado ninayo, maana vyuma vya zamani vina soko. Sinayo. Ilisumbua wiki ile moja, ikapona, ikatumika mpaka ikauzwa. Siku hizi wavuvi wana taa za sola, na hakuna anayepiga pampu. Ninachokumbuka zaidi ni jinsi sote tulivyochoka.

Tuliishi karibu na maji, chini ya Katito. Baba alikuwa na taa, Mzee Okelo alikuwa na mashua, na kijana aitwaye Ouma alikuwa na mikono yake tu. Watatu hao walivua omena, dagaa wa ziwani. Omena huvuliwa usiku wa giza, taa ikielea juu ya mbao ili wadudu waifuate, na samaki wawafuate wadudu. Bila taa hakuna kazi. Mwezi ukirudi, hata taa haisaidii sana. Siku za giza ni chache, nasi tulikuwa tukizipoteza moja baada ya nyingine.

Kila alfajiri walirudi na mashua tupu. Baba alilala kidogo, akaamka, akatandaza gunia na kuifungua taa. Alizibua tundu la mafuta kwa sindano nyembamba kama unywele. Alichuja mafuta ya taa kwa kipande cha leso. Ngozi ya pampu aliilainisha kwa mafuta ya kupikia, na kile kifuko cheupe kinachotoa mwanga alikibadilisha taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto mchanga. Kisha aliipasha moto kwa spiriti, akapiga pampu, na taa ikanguruma na kuwaka mchana kweupe, bila aibu. Ilipofika ziwani, ikafa.

"Hii taa iko na shida ya mtu," Mzee Okelo akasema, "si ya mafuta."

Kwetu kuruka juu ya mtu au chombo cha kazi ni kwer, yaani mwiko. Mtoto akirukwa miguu hakui. Wavu ukirukwa hauoni samaki. Dawa yake ni moja: aliyeruka arudi, aruke tena kutoka upande wa pili. Hakuna mganga wala kuku wa kuchinja. Sasa mimi ni mtu mzima, na siicheki imani hiyo. Nimesoma juu ya nyingine zilizo kali kuliko hiyo. Shida yake ni kwamba lazima apatikane mtu.

Akapatikana mama. Alikuwa ameolewa kutoka Maseno, mbali na maji, na watu waliendelea kumwita Nyar Maseno, binti wa Maseno, hata baada ya kutuzaa sote pale. Ikasemwa kwamba mtu asiyezaliwa kando ya ziwa haangalii anapokanyaga. Wanawake waliokausha omena pamoja naye wakaanza kuhamisha nyavu zao za kuanikia, wakimwachia nafasi kubwa asiyoihitaji. Lawama hiyo ikimganda, hakuna mashua ambayo ingemuuzia samaki tena. Hata mimi nililijua hilo, kwa sababu alikuwa ameacha kuimba akipika.

Alasiri moja, siku za giza zikielekea kuisha, Mzee Okelo na Ouma walikuja kwetu. Wakaomba taa iwekwe chini katikati ya ua. Mama alikuwa akisugua sufuria.

"Shemeji," Ouma akasema, "ni hatua moja tu. Hata kuku anaruka."

"Basi mwite kuku."

"Nyar Maseno," Mzee Okelo akasema kwa upole, "hakuna mtu anakugombeza. Ruka tu, turudi kazi."

Mama akafuta mikono. Hakuwa na hasira. Uchovu ulimfanya azungumze polepole. "Mzee, nisikilize. Kama sikuiruka, na leo niiruke, basi leo ndiyo nitakuwa nimeiruka. Ikizima usiku, mtarudi kunishika kwa hii ya leo. Nikiruka mara mbili, mtasema moja bado imebaki. Sasa niambie nisimame upande gani."

Ouma alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Sikumwona Mzee Okelo kuwa mtu mbaya wakati ule, wala simwoni hivyo sasa. Alikuwa na wajukuu wa kulisha na macho mekundu ya kukesha. Watu waliochoka namna ile hawatafuti ukweli. Wanatafuta mahali pa kutua mzigo, na mara nyingi hapo mahali huwa ni mtu.

"Huyu mama amesema kweli," Mzee Okelo akasema. "Asiruke asiyeruka. Lakini aliyeruka anajijua. Asipotokea kabla jua halijazama, hii taa haipandi mashua yangu, na mimi natafuta mwenye taa mwingine."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Mama akarudi kwenye sufuria yake. Kivuli cha nyumba kikazidi kurefuka uani.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda wakati wote huo. Sijawahi kumsikia akisema anaamini habari za kuruka, na kwa siku zote zile alikuwa amezungumza zaidi na ile taa kuliko na sisi. Akainuka, mkono mmoja kiunoni.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Hakuna aliyemuuliza ilikuwa lini. Mama aliinua macho akamtazama, kisha akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. Baba alikunja suruali kama mtu anayevuka maji, akainua mguu mmoja, halafu wa pili, akairuka taa kutoka upande wa nyumba kwenda upande wa ziwa. Akainama, akaiokota, akatangulia kushuka nayo ufukweni.