Mkebe wa Maua Mabaya

Mwaka ule baba alikuwa ameamua kung'oa pareto yake yote, apande lori Makambako, akakate mkonge Tanga. Mnunuzi wa Makambako alichagua maua kwa macho, na ya baba yalikuwa madogo hivi kwamba nzi akitua, ua halionekani. Ya shangazi, dada yake mdogo, yalikuwa kama sahani.

Ndipo akaja mtafiti wa chuo kikuu kutoka Kampala, kijana mwembamba mwenye viatu vya kung'aa kuliko kengele ya kanisa. Serikali yetu ilikuwa imempa fedha za msimu mmoja atafute shamba lenye pareto kali ya kuua wadudu, ili miche ya jimbo zima itoke hapo. Akaomba kila nyumba ilete mkebe mmoja wa maua yake.

Sasa, mgeni wa serikali apewe kitu kibaya? Kwetu? Kesho yake kijiji kizima kilipanga mstari kwa shangazi kuomba maua. Hata baba. Mikebe arobaini, shamba moja!

Mtafiti akaenda kuipima Njombe mjini. Aliporudi alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Jamani, nyumba arobaini mna ua moja?"

Mzee wa kanisa akakohoa kwa niaba yetu sote.

Mwingine angewasha gari akaondoka. Yeye alivua viatu vile akaanza upya, nyumba hadi nyumba, mvua ikimcharaza, akichuma kwa mkono wake. Kwetu baba alimzuia njiani.

"Bwana, hapa pita tu. Haya nayang'oa."

"Nipe mkebe mmoja, mzee, kisha ung'oe."

"Utaniaibisha kwa serikali."

"Serikali haikunituma kutafuta urembo."

Baba akampisha.

Majibu yalipotoka, maua yetu yalishinda yote kwa ukali. Sitii chumvi: nzi wa Njombe walihamia Iringa! Serikali ikatoa fedha za kitalu shambani kwetu, na mkonge wa Tanga ukakatwa na wengine. Nimeona fedha za umma zikipita na suti nyingi, lakini sijaona zilizofanya kazi kama zile zilizotembea pekupeku kwenye matope yetu.

Shangazi alikuja na kikapu kitupu.

"Kaka, nigawie miche."

"Lakini maua yangu mabaya, dada."

"Mabaya hivyo hivyo. Chimba!"

Baba akachimba, akicheka peke yake.