Siku Mama Alimupiga Nkambo

Juzi ku dispansere ya Kasapa balitoboa kitukuu yangu kidole. Tone moja ya damu, infirmiye akaitia ku kipimo, akangoja kidogo, akaniambia: "Ni malaria, nkambo. Atakunywa dawa, atapona." Mutoto akaomba biskwiti. Mimi, machozi ikatoka. Rafiki yangu, acha nikuambie juu ya nini.

Wakati nilikuwa mutoto, tulikaaka mu kambi ya bantu ba reli. Nyuma ya nyumba kulikuwa mufereji wa maji machafu, mbu ziliimba mule mupaka asubuhi. Mama yangu, Mwape, mwana wa Pweto kule ku ziwa, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, wakati ndugu yangu mudogo Ilunga, mwenye homa tangu jana, alikakamaa: macho nyeupe, povu ku kinywa, meno inakata ulimi, damu.

Nkambo Ngoie, mama ya baba, akalia: "Ndege imepita juu yake!" Njo vile tuliita ule ugonjwa wa kukakamaa. Na bote balijua: mutoto wa ndege akipigwa shindano, anakufwa. Nkambo akamufunika mu blanketi juu ya moshi ya pilipili. Ilunga akakohoa, akakohoa, kisha hakukohoa tena.

Mama akamunyakua. Nkambo akaziba mulango na mikono.

"Hopitali hapana! Shindano itamuua!"

"Mama, nipishe. Ni mbu njo imemuuma."

"Mbu mudogo vile iue muntu? Weye wa Pweto, kichwa yako imejaa samaki!"

Majirani bakacheka. Mama aliokota muti wa kutwanga, ungali na majani, akamupiga nkambo ku bega. Nilisikia mufupa ukivunjika. Nkambo akaanguka, mama akamuruka, akakimbia, mimi nyuma yake.

Kule ku hopitali balitazama damu mu mikroskopi. Malaria, imepanda mu kichwa. Banaume babili bakamushika Ilunga mikono, mama akamulalia miguu, shindano ya kinini, dawa ya malaria, ikaingia. Akapiga kelele.

"Lia, baba," mama akasema. "Lia sana."

Alipona. Lakini kwetu muke hapige mama mukwe, hata nyumba ikiwaka moto. Baba alimupiga makofi mbele ya bote, akatupa bitu yake inje. Mama akapanda lori ya Pweto. Hatukumuona tena. Nkambo njo alitulea, na bega yake iliyopinda. Alimubeba Ilunga na upande muzima.

Ile kambi balibomoa, mufereji balifukia. Ilunga ana mvi sasa. Ananiulizaka mama alikuwa namna gani. Namuambia: mufupi, na mikono yake ilinuka sombe.