Sahihi ya Mama kwa Mtia Nia

Mwaka ule watia nia ya urais ndani ya chama chetu walikuwa wengi kuliko viti vya ofisi ya tawi. Kila mmoja alizunguka mikoani kutafuta wadhamini, yaani wanachama wa kumwekea sahihi kwenye fomu, na kanuni ilikuwa moja: mwanachama anamdhamini mtia nia mmoja tu. Mimi nilikuwa katibu wa tawi huku Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, na kanuni hiyo niliwasomea watu kwa sauti kama vile nimeitunga mwenyewe. Nilikuwa na majivuno ya kijinga, nakiri.

Wa kwanza alikuja Jumatatu na msafara wa magari. Huyo ndiye niliyemtaka, maana watu wake walikuwa wamenidokeza kwamba akipita, makatibu waliojituma watakumbukwa. Alasiri ikawa imepungua sahihi moja, nikakimbilia nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwekea karatasi juu ya ungo, nikamwambia, "Weka sahihi hapa mama, ni orodha ya tawi." Akaweka. Mwanawe ndiye katibu, angeuliza nini?

Alhamisi akaja wa pili, na gari moja lililojaa vumbi la barabara ya Sikonge. Mama alikuwa amemsikia huyu redioni akieleza adha ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto. Mama amelima tumbaku Usoke miaka mingi, na kifua chake mpaka leo kinamkumbusha. Siku hiyo alivaa kitenge alichokuwa anakitunza kwa ajili ya harusi, akachukua kadi yake ya chama, akaja ofisini kwa miguu na kupanga foleni. Hakuwa ameniambia kwamba atakuja.

Akafika mezani. Mwenyekiti wa tawi alikuwa ameketi kando yangu, na watu wa mtia nia walikuwa wanatazama.

"Mama, wewe umeshadhamini," nikasema.

"Nimemdhamini nani?"

"Yule wa Jumatatu."

"Ile ilikuwa orodha ya tawi. Si wewe uliyeniambia?"

Ningeweza kusema kweli pale pale. Ukatibu ungeniponyoka, na fomu ya Jumatatu pengine ingeingia doa. Badala yake nikamgeukia mwenyekiti, nikatabasamu. "Mtuwie radhi. Siku hizi mama anasahau."

Mama alinitazama kidogo. Kisha akarudisha kadi kwenye mkoba, akawaambia waliokuwa nyuma yake, "Piteni, wanangu," akaondoka. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida. Hakulitaja jambo lile, na nilitamani anitukane.

Uteuzi ulipofika, majina ya watia nia wale wawili yalikatwa. Aliyepitishwa hakuwahi kukanyaga tawini kwetu. Wale waliokuwa wakirushiana maneno wiki nzima wakapigwa picha wameshikana mikono, mambo yakaisha. Neno langu ndilo halikuisha. Majirani walianza kumsemesha mama polepole na kwa sauti kubwa. Kwenye misiba, ambako yeye ndiye aliyekuwa akisimamia jiko, sasa alivutiwa mkeka akaambiwa apumzike. Halafu kikao cha tawi kikampa mtu mwingine nafasi yake ya ujumbe kwenye kamati ya tawi, kwa nia njema kabisa, na muhtasari wa kikao hicho niliuandika mimi.

Baada ya kikao hicho nilivumilia wiki mbili. Siku moja asubuhi nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti, nikamweleza kila kitu: ungo, karatasi, nilivyomdanganya mama, nilivyomsingizia mbele za watu. Nikamwambia hasahau chochote, na kwamba niko tayari kuacha ukatibu.

Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika bega.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Hata mama yangu alipoanza kusahau, nilimtetea hivyo hivyo."