Joho Lililotiwa Viraka Hadi Likaisha

Joho kongwe kuliko yote katika ghala letu la mavazi ya dansi za barakoa halina kipande hata kimoja cha kitambaa chake cha kwanza. Aliyetuambia ni mtaalamu wa makumbusho, miezi michache iliyopita, alipoligeuza ndani nje juu ya meza yangu ya kazi. Alikuwa na adabu, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba joho hilo lina umri mdogo kuliko wangu, na kwamba kwa hali ilivyo hawezi kuzipokea nguo zetu. Mimi nilikuwa karibu kustaafu. Nguo hazikuwa na pengine pa kwenda.

Nianze mwanzo, maana vijana wetu wa hapa London hudhani wazee wao wote walifanya usafi au kutunza wagonjwa.

Nilitoka Wete, Pemba, nikiwa fundi cherehani mwenye wateja wangu. Nilipopata ruhusa ya kufanya kazi hapa, nilielekezwa kwenye nyumba moja ya kukodisha mavazi ya sherehe. Ilikuwa ya ghorofa nne na lifti moja, nayo ilikuwa ya nguo. Watu tulipanda ngazi. Siku ya kwanza Mkuu wa Chumba cha Kushonea, mama wa Kiingereza mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani, alinipa koti la mahameli nilipunguze kwa mteja mwembamba. Nikalibana ubavuni, nikashika mkasi niondoe kilichozidi. Akanidaka mkono.

"Rukia, unakata nini?"

Aliniita hivyo, jina tupu bila Bi, na mimi mama wa watoto wanne.

"Kilichozidi, Madam."

"Hapa hakuna kinachozidi. Jumamosi hii atalivaa huyo kijiti wako. Jumamosi ijayo atakuja mwenye tumbo. Utamvisha nini, hewa?"

Hilo ndilo somo la kwanza la kazi yetu: pindo la akiba, yaani kitambaa kinachoachwa ndani ya mshono ili nguo iweze kuachiwa na kubanwa tena. Kwetu Pemba nguo ilishonwa kwa mwili wa mtu. Hapa ilishonwa kwa yeyote. Kwa kuachiwa na kubanwa kila wiki, kitambaa kilichakaa kwenye njia ya sindano, nasi tukatoa sehemu iliyochoka na kuweka mpya. Mwaka huu kola, mwaka ujao mkono, halafu bitana. Nguo haikulala. Tulijivunia hilo.

Historia nilifundishwa na Msimamizi wa Ghala, mzee aliyetembea kati ya nguo kama mtu akaguaye shamba. Alinieleza kuwa barakoa zilivaliwa Venisi kwa miezi mingi ya mwaka, tajiri na masikini wasijuane. Alinionyesha mfano wa barakoa nyeupe ya kiume, iliyochomoza kidevuni ili mtu ale na kunywa bila kuivua. Akanionyesha na ya kike, nyeusi, ya mviringo, isiyo na kamba. Mwanamke aliishikilia kwa kuuma kifungo kilichoshonwa ndani.

"Sasa anazungumzaje?" nikamuuliza.

"Hazungumzi. Wanaume wa zamani waliipenda sana barakoa hiyo."

"Na wa sasa je?"

Alicheka hadi akakohoa.

Kutoka Italia, alisema, mtindo ulifika London. Watu walilipa kiingilio kwenye kumbi na bustani, wakavaa joho pana jeusi liitwalo domino, kila mtu akafanana na mwenziwe. Mabwana walicheza na watumishi bila kujua, na makasisi walihubiri dhidi ya dansi hizo. Baadaye, enzi ya Malkia Viktoria, barakoa zilipungua na mavazi yakazidi: matajiri wakaenda dansini wamevaa kama wafalme waliokufa na wakulima wasiopata kuwaona. Ndipo nyumba kama yetu zilipopata riziki. Si kila mtu angeweza kujishonea vazi la usiku mmoja.

Kazi ilikuwa na tabu zake. Nguo za hariri na mahameli hazifuliwi, zitaharibika. Ili kuondoa jasho la mvaaji, mafundi wa hapa huzipulizia vodka iliyochanganywa na maji. Pombe hukauka na kuondoka na harufu. Nilipopewa chupa niliirudisha mezani. Mpiga pasi wetu, Mkongo tuliyemwita Papa Dié, aliangua kicheko.

"Mama Rukia, weye unakimbia nini? Ile pombe iko ya nguo, haiko ya mutu. Koti haiwezi kulewa!"

"Koti halilewi, lakini mimi nasali, Papa. Nitasimama kwenye mswala nanuka baa?"

Siku ya pili nikaja na chetezo na udi, kama tunavyofukiza nguo za harusi kwetu. Moshi ulipanda vizuri, nguo zikanukia, na king'ora cha moto kikalia jengo zima. Tulitoka barabarani wote, pamoja na mteja mmoja mwenye wigi la kifalme na soksi bila suruali. Mkuu wa Chumba alinitazama kwa miwani zote mbili.

"Rukia, shona. Papa atapuliza."

Ikawa hivyo hadi mwisho: yeye chupa, mimi sindano.

Mwisho wenyewe ulikuja polepole. Meneja wa Ukodishaji alianza kutuletea mavazi ya pakiti, ya plastiki, yanayonunuliwa kwa simu na kuvaliwa mara moja. "Bei yake ni ndogo kuliko ya kupiga pasi moja yenu," alituambia. Mkuu wa Chumba alipostaafu hakuajiriwa mwingine. Msimamizi wa Ghala alifariki, nafasi yake ikafutwa. Tulibaki mimi na Papa Dié na ghorofa nne za nguo. Kisha kampuni ikafilisika, akaja mfilisi, mtu aliyewekwa kuuza mali ili wadai walipwe. Alitwambia waziwazi: makumbusho yakizikubali, atazikabidhi, yakizikataa, zitauzwa kwa uzito kama matambara.

Ndiyo sababu ya yule mtaalamu kuwa mezani kwangu. Alikagua nguo moja baada ya nyingine na kila mara akapata jambo lilelile: kazi safi, kitambaa kipya. Nilitamani tungekuwa wavivu.

"Vipande vya zamani mlivipeleka wapi?" akauliza.

"Vimo mabegani," nikamjibu.

Nikamweleza. Mkuu wetu alikataza kutupa hariri. Kila kipande tulichotoa tulikikunja na kukishona ndani ya vijazio vya mabega ya makoti ya kiume, kwa kuwa hariri kuukuu ni laini na haitelezi. Joho lile kongwe, la domino, lilikuwepo bado, limetawanyika ndani ya makoti ya ghorofa ya tatu.

"Makoti yapi?"

"Wallahi sijui. Hatukuweka alama."

Alifumua bega moja, akakuta pamba ya shati. Akafumua la pili. Ikatoka hariri nyeusi, imegeuka kahawia pembeni, na mishono midogo ambayo si yangu wala ya Mkuu wangu. Akaiweka kiganjani.

"Nitawaomba wakubwa zangu muda wa kufumua mengine," akasema.

"Muda ndio sina," akajibu mfilisi, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Rayners Lane, hapa London, kwa binti yangu. Mjukuu wangu alikwenda sherehe na vazi la pakiti, likaachia mgongoni kabla keki haijakatwa. Nilipojaribu kulinyoosha liliyeyuka kwenye pasi. Akaniambia kwa Kiingereza nilitupe tu, ni la siku moja. Sina wa kumrithisha pindo la akiba, na hakuna nguo ya kumfundishia. Mikono yangu bado inajua kazi ambayo haipo. Nawaambia vijana msinionee wivu kwa kustaafu na ufundi wangu.

Alhamisi iliyopita Papa Dié alipita kwa basi mbele ya ile nyumba yetu ya mavazi, akanipigia simu. Makoti ya ghorofa ya tatu yalikuwa yakipakiwa kwenye lori lisilo na jina. Nikampigia karani wa mfilisi. Alisema lori lilikuwa limekwisha ondoka, na kwamba waliokuja siku hiyo walikuwa wa pande mbili, mnunuzi wa matambara na watu wa makumbusho. Hakujua makoti yameondoka na nani.