Kijiji cha Bure Ndani ya Simu Yangu

Aliyetengeneza huu muchezo wa simu "wa bure", nimutukane kwa luga gani?

Wiki tatu najenga kijiji changu mule. Nikichoka kungoja mahindi yakomae, unaniambia lipa, yatakomaa sasa hivi.

Leo muchana ukaandika: "Wavamizi wanakuja. Nunua ngao. Zimebaki dakika mbili."

Dakika mbili! Moyo ukanienda mbio. Nikanunua, unite zote za kupigia simu zikaisha.

Mama mukubwa, aliyekimbia vita kule Nyunzu, alikuwa kando yangu anachambua ndagala, vile visamaki vidogo.

"Nani anawatuma hao wavamizi?"

"Muchezo wenyewe, Mama."

"Na ngao, nani anaiuzisha?"

Nikaangalia simu tena. Njo muchezo uleule.

"Sisi, watu wa namna hiyo walitukuta nyumbani. Wewe umewaingiza mwenyewe."

Wezi wale! Wanakutia woga kwanza, kisha wanakuuzishia dawa yake.

Nikaufuta ule muchezo palepale.

Mama akapangusa mikono. "Haya, lete simu nipigie mutoto wangu aliyebaki Nyunzu. Zile unite nilizokununulia asubui bado ziko, sivyo?"

Nyinyi mungemujibu nini? Mimi ningali nimeshika simu.