Baba Aliyesimama Mlangoni

Harufu ya dawa ya nondo hunipandisha hasira mpaka leo. Wiki iliyopita mjukuu wangu alifungua sanduku la bati la marehemu mama yangu, harufu ile ikajaa chumba kizima, naye akachomoa picha iliyoanza kuliwa pembeni. Mwanamume mwenye suti nyeupe ameketi na gitaa mapajani, nywele zimepakwa mafuta hadi zinang'aa. Kando yake ni mama yangu, amevaa viatu kwa mara ya kwanza maishani na uso wake unaonyesha jinsi vinavyombana. Chini kwenye mkeka tumekaa mimi na mdogo wangu Simiyu.

"Kukhu," mjukuu akauliza, maana ndivyo tunavyoitwa sisi nyanya, "huyu ndiye baba yako?"

Jamani! Mtu anazeeka, meno yanamtoka, na bado picha inamtukana ndani ya nyumba yake.

Huyo wa gitaa ni Wekesa, baba yangu mdogo. Baba yangu mzazi aliitwa Wanyonyi, na kwenye picha hamumwoni, kwa sababu siku tulipopigwa picha Kitale yeye alikuwa Saboti katika shamba la mzungu, akikamua ng'ombe wasio wake. Nitawaeleza mambo yalivyokuwa, kisha mniambie kama nakasirika bure.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi nina miaka minane hivi. Santuri za Wekesa zilikuwa zimeanza kupigwa madukani, na mwenye duka mmoja aliyeziuza akaamua kumzungusha kwa lori lake: Kitale, kisha Misikhu, mwisho Bungoma. Usiku kungekuwa na dansi ya watu wazima kama kawaida. Jambo jipya lilikuwa onyesho la saa tisa alasiri, la akina mama na watoto, na soda na biskuti, na nyimbo zisizotaja pombe. Lakini siku hizo huwezi kukusanya watu hata kumi bila barua ya ruhusa, na wazee wa kanisa walishasema gitaa huvunja nyumba za watu. Chifu mmoja wa upande wa Bungoma akatamka kwamba hataruhusu kapera aimbe mbele ya wake na watoto wa wenzake. Sasa Wekesa wapenzi alikuwa nao, tena wengi, ila mke hakuwa naye. Yule bwana wa lori akaandika kwenye barua: ana mke na watoto wawili. Halafu ndipo wakaanza kutafuta hao mke na watoto watatoka wapi.

Walitujia Jumapili, na sukari na mkate. Tulikuwa tunakula mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, na mpaka sasa nasikia sauti ya Baba akikwangua tope kwenye gambuti zake, viatu virefu vya mpira, huku Wekesa anabembeleza. Baba aliuliza swali moja tu.

"Siku ngapi?"

"Wiki mbili tu, kaka. Chifu akijua nimedanganya, mimi nafungwa."

"Haya. Lakini wakirudi wamekonda, tutagombana."

Basi! Tukaazimwa, kama vile watu wanavyoazimana jembe. Mama alimwangalia Baba kwa muda mrefu, na Baba akasema kidole kimoja hakivunji chawa, ndugu ni ndugu. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu.

Ndani ya lori, suti ya Wekesa ikinuka dawa ya nondo, tulifundishwa. Wekesa angeuliza mbele ya watu, "Watoto, baba yenu ni nani?" nasi tungeitika, "Ni wewe, Baba!" Kisha angeimba wimbo wake mpya wa baba mwema anayerudi nyumbani mapema na mkate kwapani. Mwongo yule! Maishani mwake hakuwahi kurudi popote mapema. Mwenye kurudi nyumbani kila jioni, ananuka maziwa na gambuti, akinibeba begani hata kama amechoka, hakuna aliyemtungia wimbo.

Kitale niliitika kwa sauti ndogo. Akina mama walipangusa machozi. Mmoja akamwinamia mama yangu na kusema, "Bwana kama huyu ulimpata wapi, dada?" Mama akaangalia viatu vyake. Misikhu niliitika kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu walikuwa wamenipa biskuti, na nakiri kwamba niliila yote nikiwa nimenuna.

Kisha tukafika Bungoma. Ukumbi ulijaa, watoto wamekaa sakafuni, na chifu mwenyewe yuko mstari wa mbele na fimbo yake. Jua la alasiri lilikuwa likiingia mlangoni, na katika mwanga ule nikamwona mtu amesimama, suruali ameifunga kwa kamba miguuni isinaswe na mnyororo wa baiskeli, vumbi limempaka nyusi. Alikuwa Baba! Alikuwa amepiga pedeli kutoka Saboti tangu jogoo la kwanza, na mkononi ameshika chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi.

Wekesa akapiga nyuzi zake, akageuka. "Watoto, baba yenu ni nani?"

Simiyu akaitika kama kawaida. Mimi nikasimama na kuonyesha kidole. "Si wewe! Baba yangu ni yule pale mlangoni!"

Gitaa likanyamaza. Ukumbi mzima ukageuka kutazama mlango. Chifu akainuka polepole, akamwangalia Wekesa, akamwangalia Mama, akasema, "Kumbe? Na hii barua niliyotia mkono ni ya nini?"

Baba alivua kofia. Nilimngoja. Nilijua atakuja mpaka pale mbele, anishike mkono, awaambie watu wote mimi ni wake.

"Chifu, samahani," alisema, "mtoto amenizoea tu. Mimi ni kaka mkubwa wa baba yake. Kwetu, ndugu ya baba naye ni baba, wewe unajua. Lakini huyu msichana ni wa Wekesa."

Chifu akacheka. Watu wakashusha pumzi, nao wakacheka. Ni kweli, kila mmoja mle ndani alikuwa na baba wanne au watano, kwa hiyo nani angebisha? Wekesa akaendelea na wimbo wake wa mkate, na Baba akapiga makofi pamoja na wengine.

Mimi nililia mpaka nikapata kwikwi. Onyesho lilipokwisha Baba alinipa ile chupa nyuma ya lori. Maziwa yalikuwa yameganda kwa jua na mtikisiko. Nikaisukuma, nikamwambia, "Mpelekee Wekesa, yeye ndiye ana mtoto." Hakunigombeza. Alifunga chupa tena, akapanda baiskeli, akarudi Saboti peke yake, maana kesho yake ng'ombe wa mzungu walitaka kukamuliwa.

Nilimnunia mwaka mzima. Wekesa alipata jina, suti na baadaye wake wawili, na mpaka alipokufa watu walimsifu eti aliimba vizuri kuhusu malezi. Malezi! Hakuwahi kututumia hata shukrani.

Nilipokuwa nimeolewa, na Baba ameshazikwa, ndipo Mama aliponiambia alichokuja kufanya siku ile. Hakuja kutazama onyesho. Siku tisa zilikuwa zimemshinda. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mzungu, ameazima baiskeli ya nyapara, amekuja kumwambia Wekesa basi, inatosha, nipe watu wangu. Alikuja kutuchukua. Akafika mlangoni, na mimi nikasema kwa sauti kubwa neno lile lile alilosafiri kulisema, mbele ya chifu, nikamwachia achague kati yangu na ndugu yake kufungwa.

Baba hakuwahi kupigwa picha. Iliyopo ni hiyo moja ya familia yetu, na katikati amekaa mtu mwingine.

Kwa hiyo mjukuu aliponiuliza, niliishika picha kwa mikono miwili na kusema, "Huyu si baba yangu." Nikatazama mlango. Safari hii hakuna aliyevua kofia kunipinga, na Mungu anajua jinsi nilivyotamani awepo.