Funda la Maji Mbele ya Rekoda

Mpaka leo, nikiona leso nyeupe iliyokunjwa vizuri mfukoni mwa mwanamume, mimi hugeuza uso.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mkalimani wa mradi mmoja wa maendeleo uliokuwa na ofisi Voi. Mradi ulikuwa na kompyuta, na wakubwa walitaka kuilisha maneno ya Kidawida, lugha yetu ya Taita, ili, kwa maneno yao, hata mkulima asiyejua Kiingereza asiachwe nyuma. Basi nikampeleka bosi wangu, aliyekuwa ametoka Nairobi, hadi kijijini kwetu Mghange, kwa nyanya yangu, ili amrekodi.

Kwetu mtu mzima haanzi jambo zito kabla ya kutasa. Hupiga funda la maji, akayapuliza nje, huku akiomba heri na kutamka kwamba moyoni hana kinyongo na mtu. Nyanya akatasa mbele ya rekoda, kwa heshima zote.

Yule bwana aliruka kana kwamba ametemewa sumu na nyoka. Akatoa leso, akaifuta mashine yake, akaniambia kwa Kiingereza, "Mwambie huyu mama aache uchafu. Tumekuja kuchukua lugha, si mate."

Lugha bila mate! Nilitamani kumtapikia viatu. Lakini kalamu ya kunifuta kazi ilikuwa mkononi mwake, nikameza.

"Anasemaje?" nyanya akaniuliza.

"Anashukuru sana, nyanya."

Uso wake ukang'aa. Akamgeukia mgeni, akapiga funda jingine la maji.